Mgonjwa wa Miaka 16 Anapotaka Kupenda

Mwaka 2002, Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu pamoja na masista Waabuduo Damu ya Kristo walianzisha Dodoma makao ya yatima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakayaita Kijiji cha Matumaini. Jina hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo. Mtoto aliyezaliwa na virusi wakati ule hakuwa na dawa ya bure ya kumtegemeza. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004, na bila dawa hizo karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na maambukizi hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Kumpokea mtoto wa namna hiyo kulimaanisha kumwandalia kitanda, chakula na mlezi, na kujua kwamba huenda si muda mrefu ungemwandalia kaburi. Kisha dawa zikafika. Nchi nzima, kizazi cha watoto waliohesabiwa kuwa wa kuzikwa kikaota ndevu na matiti, kikaingia sekondari, kikapenda. Kliniki zilizokuwa zimezoea kupima uzito na kugawa vidonge zikajikuta mbele ya kijana anayeuliza kama ataoa, amwambie lini huyo anayempenda, na kama yupo atakayemtaka akishajua.

Naanzia hapo kwa sababu mshtuko ule wa walezi na wahudumu unafichua kosa linalowapata hata leo vijana wenye magonjwa yasiyopona. Tukishaambiwa kwamba mtoto hatapona, tunaanza kumwona kama mtu ambaye maisha yake yamekwisha na kilichobaki ni taratibu tu. Tunamwogesha, tunamlisha, tunamwombea. Akitaja mpenzi, tunadhani homa imempanda kichwani au shetani amemwingia. Ninachotaka kukitetea ni hiki: kijana anayeelekea kufa na huku anatafuta mapenzi na kuonja dunia anadai jambo la haki kabisa, kwamba ahesabiwe kuwa hai muda wote anaoishi, na kinachomnyima haki hiyo, mbele ya umaskini na mbele ya sheria, ni mazoea yetu ya kumficha ukweli.

Ni akina nani hawa? Katika uwanda wa kati, kutoka Mpwapwa na Kongwa, kupita Chamwino na Bahi, hadi Manyoni na Itigi, kijana anayefikia mwisho wa uhai akiwa na miaka 14 au 18 huwa na saratani iliyochelewa kugunduliwa, au selimundu iliyokwishaharibu viungo, au moyo wenye valvu mbovu, au figo zilizoshindwa, au UKIMWI baada ya dawa kuachwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona; katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Tanzania pia iko katika kundi la nchi zinazoongoza kwa selimundu, ikikadiriwa kuwa na watoto wapya wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Kwa hiyo hatuzungumzii kioja cha mtoto mmoja aliyekumbwa na bahati mbaya. Hawa wako katika kila wilaya, na wengi wao wamo katika madarasa ya shule za kata, mpaka siku dawati linapobaki wazi.

Safari ya matibabu yenyewe inachukua kwanza kile ambacho umri huo unakihitaji kuliko vyote. Zahanati inampeleka kituo cha afya, kituo cha afya kinampeleka hospitali ya wilaya, kisha anafika kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo watu wa Dodoma wanaiita General, au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, au kwa watu wa upande wa Singida, Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Ikiwa ni saratani, mara nyingi atapewa rufaa kwenda hospitali za Muhimbili au Ocean Road jijini Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450 kutoka Dodoma. Treni ya umeme iliyozinduliwa Agosti 2024 imeupunguza mwendo huo hadi chini ya saa nne, jambo la kushukuru, lakini nauli ya mgonjwa na mama yake bado ni nauli, na rafiki wa darasani hapandi treni kwenda kumwona. Kila ngazi ya rufaa inamtoa kwa rika lake na kumweka kati ya watu wazima. Katika wodi ya watoto analazwa jirani na mtoto wa miaka mitatu mwenye nimonia. Katika wodi ya wanaume analala kati ya wazee. Mama yake yuko chini ya kitanda, kwenye kanga yake, mchana na usiku. Hana pembe ya kusomea ujumbe wa simu bila mtu kuuliza nani huyo.

Ugonjwa wenyewe nao humwongopea mtazamaji. Selimundu huchelewesha balehe, na watoto waliozaliwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi hukua kwa kudumaa. Kijana wa miaka 17 anaweza kuonekana kama wa 12, na watu wakamtendea kama wa 12: wakamkalisha mapajani, wakamwita mtoto mzuri, wakazungumza habari zake juu ya kichwa chake. Yeye ndani ana moyo wa miaka 17 na anajua kuwa hauonekani. Huenda hakuna upweke mkali kama huo, wa kutamani mtu aliye rika lako huku yeye anakuona kama mdogo wake.

Sasa tatizo la lugha. Tukisikia kijana anataka mapenzi, tunasikia ngono. Neno mapenzi limebebeshwa mzigo huo katika nyimbo, katika filamu na katika maonyo ya wazazi, hata tumeshindwa kusikia kitu kingine ndani yake. Lakini tuangalie hali ya mgonjwa. Watu wote wanaomzunguka wanalazimika kuwapo. Mama yupo kwa sababu ni mama. Dada amesimamishwa shule aje kusaidia. Nesi yuko zamu. Mchungaji au padri anatimiza wito. Pendo lao ni la kweli na lina gharama kubwa, ila ni pendo lenye deni la damu au la kazi. Kijana huyu anatamani mtu mmoja ambaye angeweza kwenda kwingine na akaja kwake. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kumkataa, naye akachagua kukaa. Kuchaguliwa hivyo ndiyo habari ambayo mzazi, hata awe mwema kiasi gani, hawezi kumletea. Mtu akifa bila kuwahi kuchaguliwa, ameondoka akiwa na shaka moja ambayo wenzake huijibu kabla ya kumaliza kidato cha nne.

Hamu ya kuonja mambo nayo inatoka chemchemi ileile. Mgonjwa anayeng'ang'ania kukaa mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, wakati madaktari wanatilia shaka kama atauona mwezi Januari matokeo yanapotoka, huonekana anapoteza nguvu bure. Anapoambiwa apumzike, anaambiwa kwa upole kwamba yeye si mwanafunzi tena. Uganda inatupa mfano unaojulikana wazi. Nikita Pearl Waligwa, msichana aliyeigiza kama Gloria katika filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo mwaka uleule filamu ilipotoka. Alitibiwa India kwa msaada uliohamasishwa na mwongozaji wa filamu, Mira Nair, akaambiwa amepona, uvimbe ukarudi mwaka 2019. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 15, akiwa bado mwanafunzi wa Gayaza High School. Watu wengi walimkumbuka kwa filamu. Kwa hoja hii ya leo, jambo kubwa zaidi ni kwamba kati ya uvimbe wa kwanza na wa pili hakugeuzwa kuwa mgonjwa wa kudumu; aliendelea kuwa msichana wa shule, mwenye sare, masomo na wenzake.

Vijana wengi wa mjini Dodoma wamekutana na suala hili kupitia simulizi za nje, hasa The Fault in Our Stars, riwaya ya John Green ya mwaka 2012 iliyofanywa filamu 2014, ambayo ndani yake vijana wawili wenye saratani wanapendana na kusafiri hadi Amsterdam. Tangu mwaka 1980 Marekani ina asasi iitwayo Make-A-Wish inayotimiza matakwa ya watoto wagonjwa, na simulizi kama hiyo inasimama juu ya mpangilio wa namna hiyo. Sidharau. Ila mhusika wa riwaya ile ana chumba chake, ana mlango wa kufunga, ana wazazi wanaomwambia jina la ugonjwa wake. Akiamua kupenda, anaamua akiwa anajua. Kijana wa Chamwino anaweza kuwa na mpenzi na hata simu yenye bando, na bado akakosa kile kitu cha tatu, kwa kuwa daktari alimwita baba pembeni, baba akamwambia mama, mama akawaambia shangazi, na watu wote wa ukoo wakajua isipokuwa yeye.

Hapo ndipo penye pingamizi zito, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Wazazi wanaoficha hawafichi kwa ukatili. Wanaamini kwamba maneno huumba, kwamba kutamka kifo ni kukikaribisha, na kwamba mtoto akijua atakata tamaa na kufa kabla ya siku zake. Wengine wanaona kuwa kusema ni kumkufuru Mungu, kwa sababu ni nani ajuaye siku? Na kizazi cha watoto waliozaliwa na virusi kinawapa hoja: wangapi kati yao waliambiwa hawatafika, na wamefika? Mimi nakubali sehemu ya mwisho bila masharti. Hakuna daktari anayejua tarehe, na anayetaja tarehe anakosea. Lakini hoja hiyo inageuka na kusimama upande wangu. Kama hatujui siku, basi hatuna haki ya kuyafunga maisha ya kijana mapema kana kwamba tunaijua.

Kuhusu kukata tamaa, tuna ushahidi. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alieleza alichokiona akiwa kati ya watoto wa Marekani wenye saratani ya damu, wenye umri wa kati ya miaka mitatu na tisa. Watu wazima waliwaficha. Watoto walijua. Walijua kwa kutazama nyuso, kwa kubadilishwa dawa, kwa kuona mwenzao wa kitanda cha jirani hayupo tena. Kisha wakaamua kujifanya hawajui ili kuwalinda wazazi wao. Kama mtoto wa miaka sita anajua, tumfikirie mwenye miaka 16 anayesoma jina la dawa kwenye chupa na kuliandika kwenye simu. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Ulrika Kreicbergs walichapisha majibu ya wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani. Kati yao, wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto kuhusu kifo, na hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta. Na kwa wale waliohisi kwamba mtoto alikuwa anajua, majuto yalifika karibu nusu. Mtu atasema Sweden si Dodoma. Kweli, na mimi sitarajii takwimu za kule zirudie kila kitu huku. Ninachokiona ni kwamba hofu ya wazazi ni ileile, na walioivuka walisalimika. Kwa upande wa virusi vya UKIMWI, Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza tangu mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake hatua kwa hatua. Sioni sababu ya saratani kuwekewa pazia ambalo UKIMWI, wenye aibu kubwa zaidi, umeshaondolewa.

Usiri huu unamwondolea kijana uwezo wa kupenda kwa njia mahsusi. Mtu anayefichwa hawezi kuwa mkweli kwa mwingine. Hawezi kumwambia msichana wa darasa lake kwa nini anakohoa damu, kwa kuwa naye ameambiwa ni vidonda vya tumbo. Hawezi kuchagua kati ya kulala wiki tatu wodini kwa dripu ambazo hazitamponya, na kurudi nyumbani Bahi wakati wa mavuno akiwa na wenzake, kwa sababu hajui kwamba uchaguzi huo upo. Muda wake unatumiwa na watu wengine. Tunasema tunamlinda asipoteze matumaini, huku tukimpotezea miezi.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba hatuhitaji kuagiza kutoka nje namna ya kuzungumza. Ni kweli kwamba katika jamii nyingi za uwanda huu, kama kwingine Tanzania, kuna mwiko kati ya mzazi na mtoto: baba hazungumzi mambo ya mwili na binti, wala mama na mwanawe aliyekwisha tahiriwa. Lakini mwiko huo haukuacha pengo. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na utani huo una kazi: unafungua mlango wa kuulizana kuhusu wachumba, wivu, mwili na hata kifo, bila mtu kuvunjiwa heshima. Bibi anaweza kumwambia mjukuu, mimi nitatangulia au wewe utanitangulia, tuone. Na kijana akacheka, kisha akauliza swali lake la kweli. Mfumo wa hospitali umempita babu au bibi huyu. Daktari humtafuta baba kwa sababu ndiye anayelipa na anayetia sahihi, na baba ndiye hasa aliyefungwa mdomo na desturi. Kama muuguzi angeuliza tu, kijana huyu hutaniana na nani nyumbani, mazungumzo mengi yanayoshindikana yangepata mahali pa kuanzia.

Suala hili halikomei kwenye maneno ya faraja, na mfano mzito uko Dodoma penyewe. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, hatua ambayo zamani ilimaanisha kupelekwa nje ya nchi. Upandikizaji unaweza kumponya mtu kabisa. Pia dawa kali zinazotumika kuandaa mwili zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Kwa mtoto wa miaka minne, wazazi hawana budi kuamua. Kwa kijana wa miaka 15, swali hilo limo katikati ya mapenzi yake yajayo, ndoa yake na jina analotaka kuacha, na kulijibu kwa niaba yake bila kumuuliza ni kumtendea kama mzigo unaohamishwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asinyimwe kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, wenye kanuni hiyohiyo. Sheria hii huonekana kama ya migogoro ya talaka na watoto wa mitaani; hakuna mahali inapohitajika zaidi kuliko kando ya kitanda.

Wapo watakaosema hapa nimejikwaa, kwani sheria zilezile zinazomlinda mtoto zinakataza ngono. Lazima niwe wazi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18 hata akisema ameridhia, na ugonjwa hauongezi umri wa mtu. Kijana anayekufa yuko hatarini zaidi kuliko wenzake, kwa kuwa ana kiu, ana haraka, na anaweza kushukuru tendo ambalo ni unyonyaji. Mtu mzima anayemwendea msichana mgonjwa kwa kisingizio cha kumpa raha za mwisho ni mhalifu. Nalikataa pia wazo linalojitokeza katika baadhi ya familia, la kumwoza kijana upesi ili aache mtoto na jina lake lisipotee. Uchungu wa ukoo unaeleweka, lakini anayelipia ni msichana anayeletwa kuwa mjane. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliacha mlango wa binti kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakinzana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Kifo cha mtu mmoja hakiufungui tena mlango huo.

Lakini tazama ni mambo mangapi yanabaki nje ya makatazo hayo: barua, kutembelewa, kushikana mkono, kuimba pamoja kwaya, kukaa chini ya mbuyu jioni mtu mmoja akiwa kimya na mwingine akiwa kimya. Wazazi wengi hufunga haya yote kwa kuogopa lile moja, na mlinzi hufukuza wageni wa sare za shule saa za kuona wagonjwa zinapokwisha bila kuuliza yupi kati yao amengojewa tangu asubuhi. Kwa walio na miaka 18 au 19 maelezo ni mengine. Hao ni watu wazima, nao wanastahili ushauri mnyofu kuhusu mwili, kinga na uzazi kutoka kwa mhudumu asiyetahayari. Kwenye kliniki za UKIMWI tumejifunza hilo kwa shida: Bunge liliposhusha mwaka 2019 umri wa kupimwa bila idhini ya mzazi kutoka 18 hadi 15, lilikubali kwamba kijana anao mwili kabla ya kuwa na kura.

Pingamizi la kwamba asiye na cha kupoteza hufanya uharibifu, kwamba atawaambukiza wengine au kulewa au kutoroka, linatisha kwa sababu limewahi kutokea, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamwadhibu anayeambukiza kwa makusudi. Hata hivyo tutafakari ni nani huyo asiye na cha kupoteza. Ni yule aliyekwisha kutengwa. Mwenye mtu anayempenda na anayejua hali yake ana kitu cha kulinda. Dawa za kufubaza virusi zikimezwa sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo, mtu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na wengi wanaoacha dawa wakiwa na miaka 16 huziacha kwa kuficha, wasionekane na kopo bwenini. Usiri ndio ulio mama wa hatari hiyo.

Na umaskini? Utauliza vipi tunazungumzia mapenzi wakati hata dawa ya maumivu haipo. Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba dawa ya maumivu ni sehemu ya kwanza ya mapenzi. Mtu mwenye saratani ya mfupa isiyotulizwa hawezi kumpenda yeyote. Dunia yake yote imekuwa paja. Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya kuhudumia wanaokufa London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Anne Merriman aliipeleka kazi hiyo Uganda mwaka 1993, akaifanya ya gharama ndogo: mofini ya maji, ya kunywa, ambayo mgonjwa huweza kuitumia nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Tanzania ina tiba shufaa, Ocean Road ikiwa kitovu chake, na hospitali za makanisa zimebeba sehemu kubwa. Lakini kutoka Ocean Road hadi kijiji cha Manyoni ni mbali, na duniani kote ni asilimia 14 hivi tu ya wanaohitaji huduma hiyo wanaoipata. Chupa ya mofini nyumbani inamrudisha kijana kwenye rika lake. Inamwezesha kukaa uani jioni, kuvaa shati zuri, kupokea mgeni. Hayo mengine anayoyataka ni ya bei ndogo: sare iliyopunguzwa ili imkae mwilini, bando la wiki, ruhusa ya mwalimu kuhudhuria vipindi viwili na kurudi. Sikubali kwamba nchi maskini haina uwezo wa hayo.

Limebaki jambo moja ambalo huzungumzwa kidogo, la yule anayependwa. Je, ni haki kumruhusu msichana wa miaka 16 ajifunge kwa mtu atakayemzika? Wazazi wake wana sababu ya kuhofu. Lakini kumkataza hakuzuii kilio. Kunakifanya kiwe cha kujificha. Katika misiba yetu kila mtu ana mahali pake. Wafiwa wa kike wako ndani kwenye mkeka, wanaume nje chini ya turubai, watani wana kazi yao, wanafunzi wanakuja kwa mstari na sare zao, wanaimba, wanatupa udongo, wanarudi shule. Katika mstari ule yuko mmoja ambaye hana cheo chochote katika msiba, hakuna anayempa pole, na kesho yake ana jaribio la hesabu. Kama mama wa marehemu alimjua, kama alipata kumwona akija na matunda siku za kuona wagonjwa, atamshika mkono na kumwingiza ndani akae mkekani. Huo ndio uwezo uliopo, nao unategemea kama mapenzi yale yaliruhusiwa kuonekana.

Kisha inabaki simu. Siku ya matanga baba huichukua, na kwa kuwa ni mali, huifuta yote yaliyomo ili mdogo wa marehemu aitumie. Sauti, picha, ujumbe wa saa nane usiku kutoka kitanda cha General, vyote vinakwenda kwa dakika moja, na hakuna aliyekusudia ubaya. Wazee wetu hawakumwacha mtu mzima aondoke bila kuulizwa ng'ombe huyu ni wa nani na shamba lile alime nani. Kijana wa miaka 16 hana ng'ombe. Ana simu, daftari la mashairi, jezi ya mpira, na jina la mtu mmoja. Aulizwe, angali anaweza kujibu, vitu hivyo vimwendee nani.